Mwonjaji Aliyekataa Samaki Mbichi

Ndugu zangu, ninyi mlio na wake, dada na mabinti, na hasa ninyi wenyewe mlio wajawazito, nisikilizeni. Nyumba nitakayoisimulia naifahamu hadi mlango wake wa jikoni usiofungika sawasawa.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, nami nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni. Dada yangu alikuwa ameketi jikoni, miguu yake iliyovimba ameipumzisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya vitunguu. Mumewe, ambaye ni fundi wa majokofu, alikuwa chini ya sinki akikaza bomba na kuimba ovyo. Mama mkwe wake alikuwa akifuma kofia ya mtoto. Ilikuwa ya nne, kana kwamba anayekuja atazaliwa na vichwa vinne. Mimba ilikuwa ya miezi sita, nayo ilikuwa imengojwa kwa miaka saba. Hakuna aliyeitaja miaka hiyo, lakini kila mtu alitembea ndani ya nyumba ile kama aliyebeba sinia la mayai.

Ni lazima niwaeleze kazi ya dada yangu, kwa maana ndiko mambo yalikoanzia. Yeye ni mwonjaji katika ghala la kupokea samaki, na wenzake humwita Ulimi. Shehena inapofika, mkataji huchagua samaki mmoja katika kila kreti, humkata kipande chembamba kama ukucha, na dada hukiweka mdomoni kikiwa kibichi. Hufumba macho, kisha husema: "Huyu ana siku mbili kwenye barafu. Huyu ana nne, mrudisheni." Wanunuzi wa mahoteli hawatii sahihi kabla hajasema.

"Mkunga amenikataza," dada alisema asubuhi ile, bila kuinua uso kutoka kwenye vitunguu.

"Amekukataza nini?" mama mkwe akauliza.

"Samaki mbichi. Amesema aliyeiva vizuri nimle, ni mzuri kwangu na kwa mtoto. Mbichi anaweza kuwa na minyoo na vijidudu, na mwili wenye mimba hupambana navyo kwa shida. Vingine humfikia mtoto. Nikamuuliza, hata kipande kidogo? Akaniambia kijidudu hakihitaji sahani nzima."

Mama mkwe aliweka sindano zake mapajani. "Wakunga wa siku hizi! Kesho atakukataza kupumua. Mimi nimezaa saba, na mimba zote nilikula samaki mbichi, nimemkamulia limau. Si huyu mmoja wao yuko chini ya sinki? Ana kasoro gani?"

"Kasoro zake nitakutajia, mama, siku ukiwa na nafasi ya kutwa nzima."

Tulicheka sote, hata yule wa chini ya sinki, ambaye alitoa kichwa na kusema: "Lakini mama naye ana hoja. Tena samaki wenu wanatoka kwenye barafu. Mimi ni mtu wa majokofu, mke wangu. Baridi inaua kila kitu."

Nikaingilia. Nilisema limau huigeuza nyama ya samaki ikawa nyeupe, ikadhaniwa imeiva, ilhali vijidudu vimo. Nilisema baridi kali ya muda mrefu inaweza kuua minyoo, lakini kuna vijidudu ambavyo baridi huvilaza tu.

"Haya, profesa," akanijibu mama mkwe. "Ukizaa wako utamlisha vitabu."

Msomaji, tazama kilichotendeka. Tulizungumza watu watatu, mimi nikiwemo, kila mmoja akitetea ujuzi wake, na hakuna aliyemuuliza mwenye tumbo: wewe umeamua nini?

Siku ya Jumatatu dada alimweleza msimamizi wa ghala. Msimamizi yule ni mtu wa maneno laini, hasa anapotaka kukuumiza. "Ulimi wangu," alisema, "nani amekuambia umeze? Onja, tema, sukutua kwa maji ya limau. Usiponisaidia, kuna binti pale kwenye kreti ambaye kila siku ananiuliza habari za meza hii."

Jioni mumewe akaongeza: "Kutema si kula." Dada aliogopa kuipoteza meza ambayo aliisomea kwa ulimi wake kwa miaka tisa, na akaogopa kuonekana anadeka. Akakubali. Kwa majuma matatu akaonja na kutema.

Katika juma la tatu alirudi mchana akitetemeka, mgongo ukimuuma, akasema ni uchovu tu. Kufikia kesho yake homa ilikuwa imempanda, na mtoto, ambaye huwa anampiga mateke kila anapokunywa chai, alikuwa ametulia. Dada alikunywa vikombe viwili, akaweka mikono tumboni, akangoja. Kisha akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

Hospitalini walimpima damu, wakakuta ndani yake vijidudu vya aina inayoweza kuletwa na chakula kibichi, wakamtundikia dawa. "Siwezi kuapa ni kipande gani kilichovileta," daktari alituambia. "Ninachoweza kusema ni kwamba asikiguse kingine. Mapigo ya moyo wa mtoto yapo, lakini hayajaniridhisha. Tusubiri."

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mimi, shemeji na mama mkwe.

"Walikuwa wanane," mama mkwe akasema ghafla.

"Nani, mama?" shemeji akauliza.

"Watoto wangu. Wa tatu alitoka na miezi saba, hakulia. Nilikuwa na homa kama hii hii. Sijui kama ni samaki. Hakuna aliyeniuliza nilikula nini. Waliniambia nisimhesabu, na mimi sikumhesabu."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza? Mkeo alikuambia la kwake, ukamjibu habari za majokofu."

Shemeji aliinama, akafunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya grisi. Sikumhurumia. Nasema kweli, sikumhurumia hata kidogo, kwa sababu pale nilikuwa natafuta wa kumlaumu huku nikijua kwamba nami nilijua yaliyoandikwa, nikatoa hotuba jikoni, kisha nikarudi kwenye vitabu vyangu na kumwacha dada aende ghalani peke yake.

Siku ya nne mtoto alipiga teke. Dada alicheka hadi sindano ya dawa ikatoka mkononi, muuguzi akamgombeza.

Aliporejea kazini, mwezi ule ulipoisha, mimi ndiye niliyembebea jiko dogo la gesi na sufuria, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Alivipokea, akavitua juu ya meza yake ya kuonjea.

"Hii nini?" msimamizi akauliza. "Umefungua mgahawa?"

"Kuanzia leo naonja kilichoiva, bosi. Kibichi nitakipima kwa macho, kwa pua na kwa kidole."

"Wanunuzi wanataka ulimi."

"Ulimi ni wangu. Haujawahi kuwa kreti ya ghala hili."

Mnunuzi wa hoteli alikuwa amesimama pale, kalamu mkononi. Msimamizi, kwa kuona aibu, alichukua kipande kibichi kutoka ubaoni akakisogeza hadi karibu na midomo ya dada. Dada hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Bosi, mkeo akiwa na mimba, utamshikia kipande namna hiyo?"

"Hayo ni ya nyumbani kwangu!"

"Na haya ni ya tumboni kwangu."

Mkataji, mama mmoja mnene ambaye kwa miaka yote hakuwahi kugombana na mtu, alifuta kisu chake kwa aproni, akakilaza mezani. "Mimi simkatii mbichi," alisema. Yule binti wa kreti aliyeitamani meza akasimama kando yake. "Wala mimi sionji kwa niaba yake."

"Mna maneno mengi," akasema mnunuzi. "Msimamizi, onja wewe basi, mimi nina safari."

Msimamizi akaonja. Alifumba macho kama alivyomwona dada akifanya, akameza, akatangaza: "Mzuri. Wa leo huyu."

Dada alimgeuza samaki yule. Akafunua matamvua yake ya kupumulia; badala ya kuwa mekundu, yalikuwa yamefifia na kuwa ya kahawia. Akabonyeza ubavu kwa kidole, na shimo likabaki. Kisha akachemsha kipande kwa maji matupu hadi kikaiva kabisa, akakionja taratibu. "Siku tano," akasema.

Sote tulimgeukia dereva aliyeleta shehena. Dereva akavitazama viatu vyake. "Tano," akakiri.

Mkataji alicheka kicheko kilichofika barabarani.

Sitawadanganya kwamba msimamizi alitubu. Aliliacha jiko mezani kwa sababu alimhitaji Ulimi kuliko Ulimi alivyomhitaji yeye, na hiyo ilitutosha. Miezi miwili baadaye dada alijifungua binti, wakati wake ulipotimia, na mkunga akasema ni mtoto mwenye sauti ya mpiga mnada.

FUNZO

Wapendwa, mjamzito asile samaki mbichi, wala kilichoiva nusu, hata kama ni kidogo, hata kama atakitema. Limau si moto. Jokofu si jiko. Kuwa na watoto waliosalimika si ushahidi, maana wasiosalimika mara nyingi hatuwahesabu. Samaki apikwe hadi aive mpaka ndani, na mwenye shaka amwulize mkunga.

Na kwenu waajiri, waume, wakwe, na sisi wasomi wa kutoa hotuba: kumpa mwanamke ushauri kisha kumwacha abebe hatari peke yake ni kumtelekeza. Mama haombi ruhusa ya kumlinda mtoto wake. Mwenye mimba akisema "sili", msimbembeleze, msimcheke, msimtishie kazi yake. Ondoeni sahani.