Proksi ya Mbarouk

Mbarouk simsamehe. Mkewe Nassra, shoga yangu wa Malindi, hunihadithia haya huku analia.

Mbarouk alisema yuko Maskati, na huko simu za mtandao hazipiti. Akamuomba aigeuze kompyuta yao ya Linux iwe seva ya proksi, ili simu zake zipitie nyumbani. Nassra, kwa mapenzi, akashinda anaandika amri moja moja kwa mkono, akaruhusu anwani ya mtandao ya simu ya mumewe peke yake. Magharibi simu ikaingia.

"Nakusikia kama uko hapa ghorofani!" Nassra akacheka.

Umeme ukakatika. Feni ya kompyuta ikanyamaza, giza likajaa chumbani, na simu ikakatika mkononi mwake. Lakini sauti ya Mbarouk iliendelea, juu ya dari.

"Nshamwambia niko Maskati."

Nassra akapanda ngazi akipapasa ukuta. Chumba cha juu alikifunga mwenyewe kwa nje, na kufuli lilikuwa palepale, la baridi. Akatega sikio mlangoni.

"Na kaamini?" akauliza mwanamke mle ndani, kisha akacheka.

Kicheko kilikuwa cha Nassra mwenyewe.