Kete Moja Kila Magharibi

Jioni ile nilitumwa nepi. Za watu wazima, zile za pakiti kubwa. Mke wangu Yasmin alinipigia nikiwa bado karakana, hapa mtaa wa Picha ya Ndege, nachomelea geti la mteja ambaye kila siku anabadilisha mawazo. Akasema zimebaki mbili, na mama tumbo limemwendesha tena. Nikazima mashine nikaondoka. Nilikuwa nimechoka hoi. Na si uchovu wa kazi jamani, kazi hii nimeianza sina hata ndevu. Huu ulikuwa uchovu wa kuamka nao asubuhi.

Mimi naitwa Salumu. Mama yangu ni Bi Tunu. Alipooza upande mmoja, na kwa muda mrefu aliyemhudumia kule kwetu Gwata ni mdogo wangu Hussen. Kisha Hussen akagongwa na lori, yeye na pikipiki yake, akitoka Mlandizi. Tukamzika. Mama tukamhamishia kwangu, tukamlaza chumba cha mbele.

Sasa, ukoo wetu una jambo lake. Siku ya arobaini jina la marehemu haliachwi hivi hivi, anatafutwa wa kulibeba. Nikabebeshwa mimi. Nikavalishwa kanzu ya Hussen na kofia yake, nikakalishwa mkekani mbele za watu, na shangazi yetu Mboni akatangaza kwa sauti.

"Hussen huyu hapa! Mwenye lake na Hussen, sasa amwendee huyu!"

Watu wakacheka, wakanipa mikono. Toka siku ile mama mwenyewe akawa ananiita Hussen. Nikakabidhiwa na vitu vyake: koti la mvua, redio mbovu, na simu yenye kioo kilichopasuka.

Ile simu ilikuwa na chesi. Ule mchezo wa farasi na ngome, Hussen aliutoa sekondari akanifundisha na mimi. Tulivyoupenda, we acha tu. Wenzangu jioni wanakwenda kunywa, mimi nakaa nje juu ya tofali napigwa na kompyuta. Nikichoka na kompyuta natafuta watu, Mhindi mmoja huko, Mbrazili mmoja kule, tunafungana, tunatukanana kidogo, basi. Ndiyo starehe yangu pekee.

Kwenye simu ya Hussen mchezo ulifunguka kwa jina lake. Ndani yake nikakuta pambano moja halijaisha. Lilikuwa la taratibu, lile ambalo mtu anasogeza kete moja kisha anasubiri mwenzake hata kesho. Mpinzani hakuwa na picha wala bendera ya nchi. Aliandikwa Mgeni tu.

Zamu ilikuwa ya Hussen. Na saa yake ilikuwa imesimama.

Hilo nililiona, nikalipuuza. Kawaida muda ukiisha umeshindwa, mchezo haumsubiri mtu aliyekufa. Lakini akili iliyochoka haiulizi maswali mengi. Jioni ile niliporudi na nepi nikampa Yasmin, nikatoka nje, nikakaa kwenye tofali langu. Adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Nikamsogeza farasi.

Tik.

Simu ilikuwa kimya, nilishaondoa milio yote. Ule haukuwa mlio wa simu. Ulikuwa mgongano wa ubao kwa ubao, karibu kabisa na sikio langu...

Maneno yakatokea kwenye kioo.

"Umechelewa, Hussen."

Ningesema ukweli pale, labda nisingekuwa hapa leo. Lakini mie Hussen si nilishakuwa? Kwa mama ni Hussen, kwa shangazi ni Hussen. Nikajibu bila kufikiri.

"Ndiyo mimi. Nilipata udhuru."

"Basi tuendelee. Masharti yale yale."

"Masharti gani?"

Upepo ukaacha. Nikasikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, wa chini kabisa, ule wa baridi.

"Ukicheza, anabaki. Ukishindwa, namchukua. Ukiacha, namchukua."

"Nani?"

"Mtu wa nyumbani kwako."

Chumba cha mbele, mama akaguna.

Nikauliza tena, nikaandika, "Mama?" Alisogeza askari wake mmoja hatua moja, akaondoka.

Nitakwambia kweli, nilicheka. Nikasema huyu ni kijana fulani ana bando la kuchezea. Nikaamua kesho simjibu. Kesho yake magharibi ikaingia nimekaa ndani, simu nimeiacha juu ya kabati. Mama akaanza kukoroma vibaya, macho juu, povu mdomoni. Yasmin anapiga kelele. Mimi kifua kimenibana kwa hofu, natafuta pumzi sipati. Nikaikimbilia ile simu. Nikasogeza kete ya kwanza niliyoiona.

Tik.

Mama akatulia. Na mimi pumzi ikarudi.

Toka hapo sikuwa na jioni tena. Popote nilipo, adhana ya magharibi ikinikuta lazima niwe nimesogeza. Nimesogeza nikiwa juu ya ngazi nafunga dirisha la mtu. Nimesogeza msibani kule Janga, nimejificha nyuma ya choo. Naye hakukosea, hakuharakisha. Alinila taratibu, askari mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Siku aliyonila ngome ya kwanza nilishindwa kunyanyua mashine ya kuchomelea, kijana wangu Kibwana akanibebea. Nikasema ni kukosa usingizi. Mgonjwa ndani, utalala saa ngapi?

Na mama alikuwa anateseka. Wallahi alikuwa anateseka. Mgongo umechubuka, mkono umekauka, chakula hakipiti. Kila nikimgeuza ananishika shati kwa ule mkono wake mzima.

"Hussen, baba... mbona siendi?"

"Unakwenda wapi mama, tulia."

"Nimechoka. Kuna kitu humu kinanishika."

Ukiambiwa hivyo na mama yako, na simu iko mfukoni mwako, utafanya nini? Nilikuwa natoka nje nalia. Nilimchukia Hussen kwa kuanzisha kitu kile. Nikamchukia zaidi yule Mgeni. Halafu jioni ikiingia nampanga mfalme wangu nyuma ya askari waliobaki, namlinda, namzungusha, ili mama aamke kesho aulize tena mbona haendi.

Shangazi Mboni akaja kutoka Gwata. Alivyomwona mama, hakukaa hata chini.

"Iteni watu," akasema. "Huyu aagwe."

Kwetu mgonjwa akikaa muda mrefu katikati, haponi wala hafi, ndugu wanaitwa kumpa radhi. Mmoja mmoja unaingia, unakaa ukingoni mwa kitanda, unasema nimekusamehe, nawe unisamehe. Mwenye kinyongo anakitoa, mgonjwa anapata njia. Wakaja wote, mpaka kaka yake Mzee Mwinyijuma aliyegombana naye shamba. Aliingia amenuna, akatoka anafuta machozi.

Mama akabaki vilevile. Macho wazi, anatuangalia.

Shangazi Mboni akatukusanya uani. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kinyongo kimekwisha," akanong'ona. "Kuna mtu wa humu ndani kamfunga. Amfungue. Leo."

Aliponifikia mimi, nikaangalia chini.

Magharibi ilikuwa inaingia. Nikaenda kwenye tofali langu. Nilibaki na mfalme, farasi na askari watatu, na zamu ilikuwa yangu. Pembeni ya ubao kuna kitufe chenye bendera nyeupe, unakibonyeza ukikubali kushindwa. Nikawaza, nikimwachia mama leo, nitakuwa nimemuua? Au nitakuwa nimemwonea huruma? Mimi ni fundi mageti, haya mambo makubwa kwangu. Nikamwandikia yule Mgeni, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Mchukue polepole. Asisikie maumivu."

Akajibu haraka. Hakuwahi kujibu haraka.

"Hatasikia."

Nikabonyeza.

Simu ikazima yenyewe. Ile harufu ya udongo ikaja, nzito, mpaka ikanikaa kwenye koo. Nikanyanyuka, ukuta ukanisaidia, nikaingia chumba cha mbele. Nikawaomba watu watoke. Nikapiga magoti karibu na kichwa cha mama.

"Mama, nimekuachia," nikamnong'oneza. "Nenda kapumzike. Nisamehe nilikuchelewesha."

Mama akageuza shingo. Macho yake yalikuwa maangavu kuliko nilivyoyaona tangu apooze.

"Umeachia nini?"

"Mchezo wa Hussen. Ule wa kwenye simu. Nilikuwa nauendeleza ili usife. Leo nimekubali kushindwa."

Ule mkono wake mzima ukanidaka kifundo. Ukaniminya mpaka mfupa ukauma.

"Ule haukuwa wangu."

Sikuelewa. Nikasema, "Mama?"

"Ule haukuwa wangu, Salumu."

Akazungumza kwa shida, neno moja, pumzi, neno jingine. Mwaka ule mapafu yangu yalipoharibika, nilipolazwa sijitambui na daktari akawaambia waite ndugu, Hussen alikwenda Kisarawe. Aliambiwa kuna mtu kule mbele ya mikorosho, njia inayoingia msituni, anaweza kushikilia roho ya mtu. Alidhani ataombwa kuku mweusi na kitambaa. Yule mtu alimuuliza tu, wewe unajua kucheza nini? Hussen akasema bao silijui vizuri, najua chesi. Yule mtu akasema hata hiyo, twende.

"Kesho yake uliomba chai," mama akasema.

Nakumbuka ile chai. Miaka yote nawaambia watu niliponywa na dripu.

"Akaniambia, mama, ubaoni humu, kwenye simu, ndimo nilimomshikilia kaka. Kila jioni. Nikamwambia utachoka. Akasema... akasema nikichoka nitafikiria sura yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Hussen alipokufa, nawe ukaendelea kupumua... nikajua yamekwisha. Mimi kinachonishika ni uzee wangu tu, baba. Uzee na ugonjwa. Nani kakwambia kila anayechelewa kufa kafungwa?"

Tik.

Simu mfukoni mwangu ikawaka. Mimi sikuigusa. Mama ndiye aliyeichomoa akainyanyua, sote tukasoma.

"Pole, Salumu."

Miezi yote ile yule Mgeni alikuwa ananiita Hussen.

Habari za siku za mwanzo baada ya hapo sina haja ya kuzieleza sana. Yasmin alinipeleka hospitali, wakanipima hiki na kile, wakasema hawaoni kitu, nipumzike. Kibwana alikwenda Kisarawe kumtafuta yule mtu. Mikorosho aliiona. Njia ya kuingia msituni aliiona. Watu wa pale wakamwambia mbele ya hapo hajawahi kuishi mtu, na wakamwomba asiulize tena. Simu nilijaribu kuiwasha nimwombe tuanze upya. Haiwaki. Fundi kaifungua, anasema ndani imejaa mchanga.

Nimelala chumba cha nyuma. Kunyanyua kikombe ni kazi.

Lakini la mama ndilo ninalotaka mlijue. Usiku ule ule niliokubali kushindwa, alijitupa kutoka kitandani. Yule mama ambaye tulikuwa tunamgeuza kama gunia, alijiburuza kwa mkono mmoja, akatoka chumba cha mbele, akapita sebuleni, akajilaza kwenye kizingiti cha mlango wangu. Yasmin alimkuta alfajiri. Akataka kumrudisha, mama akamng'ata.

Shangazi Mboni akaja kumbembeleza.

"Tunu, si ulisema umechoka? Twende ukalale mahali pazuri."

"Mboni, rudi kwako," mama akamjibu. "Mie sifi. Atakayekuja kumchukua mwanangu ataniruka mimi kwanza."

Sasa anakula. Anakula kwa hasira, ugali mkavu, chochote. Vidonda vya mgongo vinafunga. Yasmin kamtandikia godoro pale pale mlangoni. Mchana analala kidogo, jioni hafumbi jicho. Magharibi ikiingia anaanza kuniita.

"Salumu?"

"Naam, mama."

Kidogo anaita tena.

"Salumu?"

"Naam."

Ananiita hivyo mpaka giza lishike vizuri, ndiyo anaridhika.

Leo adhana imeshapita. Ameniita, nimeitika. Ameniita tena, nimeitika kwa nguvu zangu zote. Yuko hapo hapo, mgongo wake nauona, hata hatua tatu hazifiki. Lakini naona anainua kichwa, anageuka kutazama huku chumbani kwangu...

"Salumu? Baba, mbona huitiki?"

Naitika, mama.

Naitika.