Hereni za Lori la Pili

Saa 7:50 mchana. Chumba cha nyuma, duka la dawa za mifugo, Nyamisangura.

Ng'ombe wa wizi kutoka Nyambureti walijaa malori mawili uani. Kila mmoja alikuwa na hereni ya kielektroniki sikioni. Kwenye kizuizi cha polisi barabarani, askari akiipima, jina la mwenye ng'ombe linatokea.

Wangwe, mkubwa wa genge, alikusanya simu za wote wanaosafiri kwenye kopo, na yake pia. Ndiyo sheria yake: barabarani hakuna simu.

"Lori la kwanza langu. La pili, Matiko."

Matiko alicheka. Dada yake, Bhoke, hakucheka. Yeye ndiye aliyepenyeza majina mapya kwenye kompyuta kuu ya ushirika wa wafugaji, yabadilishwe kwa amri ya mkupuo mmoja saa nane. Alitaka kitu kimoja tu: mdogo wake arudi mzima.

"Programu inahifadhi ikimaliza lori zima," alisema. "Kanzidata, ile hifadhi ya majina, ikizimwa katikati, ng'ombe wasiohifadhiwa wanarudi kwenye jina la mwenyewe. Ikiwaka, programu inajiunga tena, inaendelea pale ilipohifadhi. Msitoke mpaka niseme."

"Sawa, dada," alisema Matiko, akaenda kukaa kwenye lori.

Saa 8:04. Lori la kwanza likahifadhiwa. La pili likafika nusu, skrini ikaganda. Kanzidata imezimwa.

"Langu?" aliuliza Wangwe.

"Lako tayari. La Matiko bado. Tusubiri."

"Tusubiri," alisema Wangwe, akatoka akitabasamu. Lile tabasamu lake lilikuwa la kinyama.

Injini mbili zikanguruma. Bhoke alipofika uani, alikuta vumbi tu na Modesta, muuza duka.

"Mbona wameondoka?"

"Wangwe kasema umeruhusu. Kamwambia Matiko atangulie."

Atangulie, askari wahangaike naye, Wangwe apite. Bhoke akarudi ndani, akapiga simu ya mdogo wake. Ikaita ndani ya kopo. Akaketi chini akalia.

Saa 8:31. Kanzidata ikawaka. Programu ikajiunga yenyewe, ikaanza upya lori la pili, ng'ombe mmoja mmoja, bila haraka.

Modesta aliingia, simu sikioni. "Shemeji yangu yuko pale kwenye kizuizi, anawaona. Wamemfunga pingu Matiko. Wamempiga sana, Bhoke."

"Na Wangwe?"

"Yuko nyuma kwenye foleni. Anasubiri zamu."

Bhoke akafuta machozi. Akaandika mkupuo mwingine, mfupi: lori la kwanza, wote warudi kwenye jina la mwenyewe. Akausubiri mpaka ukahifadhiwa.

"Hutamwonya?" aliuliza Modesta.

Bhoke akasukuma kopo mbele ya Modesta. Simu ya Wangwe ilikuwa juu kabisa.