Utepe Mwekundu kwenye Ubao wa Kipole

Kila kipindi cha maabara kilianza vilevile. Wanafunzi walivaa miwani ya kukinga macho, wakachukua vifaa, kisha kila mmoja akabandika kipande cha utepe wa rangi yake kwenye kila kifaa. Desturi hiyo aliianzisha mwalimu wa sayansi alipochoka kuambiwa "si mimi, Mwalimu" kila kitu kilipoharibika. Kwa mazoea, hakuna aliyeziona tena zile tepe.

Utepe mwekundu ulikuwa wa binti wa fundi redio. Darasa zima lilimwita Fundi, naye alilipenda jina hilo. Sasa walikuwa wakiunda vikuza sauti, na kile chenye sauti safi kuliko vyote kingetumika siku ya wazazi. Fundi alikwisha kumwambia baba yake aje akae mstari wa mbele.

Alipowasha chake, spika ikavuma kama nyuki waliochokozwa. Meza ya pili, kikuza sauti cha Kipole, msichana aliyehamia shuleni hapo juzijuzi, kilitoa sauti safi kabisa.

"Hongera, Kipole!" alisema Mwalimu. "Kichujio chako kimekula mvumo wote wa umeme."

"Fundi, leo umepatikana!" mwenzao mmoja akamtania.

Fundi akacheka, lakini roho ilimuuma. Huyu wa juzi tu ndiye wa kumpiku yeye, mtoto wa fundi? Bila shaka amepewa kapasita nzuri zaidi, alijisemea, maana kapasita ndiyo iliyofanya kazi ya kuchuja. Wivu ulimkaba hata hakukumbuka kukagua nyaya zake.

Kengele ya mapumziko ilipolia, alibaki nyuma. Akachomoa kapasita ya Kipole, akaichomeka kwenye ubao wake wenye matundu ya kuunganishia vifaa, na yake akaiweka kwenye ubao wa Kipole. Kwa haraka yake hakutazama upande wa chanya na wa hasi.

Waliporudi, Kipole akawasha chake. Sauti ilikuwa safi vilevile! Fundi akaduwaa. Kumbe kapasita yake haikuwa mbovu. Kwa hasira akawasha chake.

Paa! Kapasita ikapasuka, harufu kali ikajaa chumbani. Mwalimu akazima umeme, akaichomoa kwa koleo na kuigeuzageuza. Ilikuwa imechomekwa kinyume, tena ilikuwa na utepe wa buluu.

"Huu si utepe wa Kipole?"

Kipole akatazama ubao wake, akaona utepe mwekundu. Akamgeukia Fundi.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kusema vifaa vilichanganyika, na pengine angeaminiwa. Akapiga moyo konde.

"Nilizibadilisha mimi, Mwalimu. Nilimwonea wivu. Nisamehe, Kipole."

"Umeniudhi sana," alisema Kipole. "Ungeniuliza tu, ningekusaidia." Kisha akainamia ubao wa Fundi. "Hebu ona. Waya wa hasi wa maikrofoni umeruka tundu moja. Mvumo ulikuwa unaingilia hapa."

Fundi akauchomeka waya mahali pake, akaweka kapasita mpya, safari hii akitazama alama zake. Mvumo ukakatika.

"Tutatumia cha Kipole," alisema Mwalimu. "Kelele ilikuwa kwenye ubao wako, mwanangu, nawe ukaenda kuitafuta kwenye ubao wa mwenzako. Wivu hukupotezea muda hivyo hivyo. Siku nyingine anza kukagua kwako, na ukikwama, uliza."

Siku ya wazazi ilipofika, baba yake Fundi alikaa mstari wa mbele kama alivyoombwa. Sauti ya mwalimu mkuu ilipotoka spikani bila mkwaruzo, akatabasamu.

"Kazi safi hii! Ndiyo yako, mwanangu?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Hapana, baba. Ni ya Kipole. Twende nikamtambulishe kwako, kisha nikueleze nilichomfanyia."