Sweta Iliyosomwa na Mashine

Haya nilielezwa na mjukuu wangu Nakhumicha mwenyewe, Jumatatu ya Pasaka baada ya chakula, tukitoa minji maganda.

Yeye hufuma sweta sokoni Nakuru. Siku moja soko limejaa, kijana mmoja, Gachanja, akasimama kwa kibanda chake, shati limepigwa pasi, kucha safi kuliko za bibi harusi. Alitaka sweta ya mama yake aliye Mau Narok. Kesho yake akarudi, ingawa sweta ya mama alishanunua. Haikupita miezi mitatu wakawa wanaitana mpenzi, Nakhumicha akamfumia yake, sufu ya kijani, shingo ndefu.

Alimwona nayo mara moja tu.

Tena kila wakionana mchana, kabla arudi kazini, Gachanja alitoa karatasi yenye gundi mfukoni, akajibandika begani na kifuani, akinasa nywele za mjukuu wangu moja moja. Akikaribia kumkumbatia, anasogea. Siku moja simu ya Gachanja ikalia, Nakhumicha akasikia sauti ya mwanamke: "Leo usiniletee nywele za huyo msichana wako."

"Kukhu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi nyanya yake, "hapo nikajua ana bibi."

Akafunga kibanda, akapanda boda mpaka maabara anakofanya kazi Gachanja. Mwenye sauti ile akamfungulia: Daktari Jepkemei, mkubwa wa Gachanja, mama wa makamo, kofia ya nailoni mpaka masikioni.

"Wewe ndiye wa kondoo?" akamuuliza, akamwita Gachanja.

Gachanja akaja na karatasi yenye mistari iliyosimama kama mabua. Akaeleza kwamba seli za saratani huambiana ziongezeke, na ujumbe huo hupitia protini ndogo sana ambazo mashine yao huzipima uzito. Lakini nywele na sufu pia ni protini. Zikiingia, zinazifunika zile ndogo.

"Hii yote ni sweta yako. Wiki tatu za kazi, mashine inasoma kondoo."

"Na ukanyamaza?"

"Ulifuma mwezi mzima, Nakhu. Ningeanzia wapi?"

Hakumwamini. Akataka aione hiyo sweta. Gachanja akaitoa kwa gari, imefungwa ndani ya mifuko miwili. Nakhumicha akageuza viwiko. Vilikuwa vimelika. Sweta ya kuvaliwa mara moja hailiki viwiko.

"Huvaa nikitoka hapa, nakaa nayo nyumbani mpaka nilale," Gachanja akasema. "Kila siku. Nilikuwa natafuta vile nitakuuliza uje tuishi huko."

Wanasema harusi ni Agosti. Wakati haya yanasimuliwa, bwana mwenyewe alikuwa kwa kochi langu, sweta ya kijani, anakoroma. Minji ilipoisha Nakhumicha akaketi kando yake, akaegemeza kichwa kwa bega lile, nywele zikatapakaa kwa sufu, naye akalala.