Sahani ya Kambale

Jokébed mwenyewe hapendi kuyasimulia haya. Ni sisi majirani zake wa Rughenda, hapa Butembo, tunaoyasimulia, na mwenye kutaka kucheka acheke.

Alikuwa mama wa maharage. Asubuhi sokoni, jioni kanisani, na siku ya soko la Musienene anapanda kununua magunia. Mume hakuwa naye, mtoto hakupata. Alikuwa na ndugu mmoja tu, Abdias, aliyelima kakao upande wa Beni. Lakini mama yao alipokuwa anakata roho alimshika Jokébed mkono, akamwambia: "Bandugu yako, hapana mumoja alale inje." Bandugu, na ndugu mwenyewe ni mmoja. Jokébed alidhani ugonjwa umemchanganya ulimi.

Vita vilipofika kwenye mashamba ya kakao, Abdias akaja. Jokébed alirudi kutoka sokoni akamkuta ameketi mlangoni, amelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha. Hakumuuliza kitu. Watu wa Beni walikuwa wanafika hivyo, kila mmoja na lake. Alimpa kitanda, akampakulia bugali na sombe, majani ya muhogo. Sahani ilirudi tupu.

Ikawa ndiyo maisha. Anakula, anaketi, anatazama ukuta. Ukimgusa mkono, ni baridi. Jokébed hakuogopa, hakulia pia. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tangu habari za Beni zilipogeuka kuwa mazoea. Shemasi Ésaïe alikuja kumwombea kijana, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

"Muite jina la nyumbani," alinong'ona mlangoni. "Pengine roho yake itarudia."

Kwetu kila mtoto ana jina la zamu yake ya kuzaliwa: kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale. Abdias ni Paluku. Basi Jokébed akamwita Paluku asubuhi, Paluku jioni. Hakugeuka hata mara moja.

Mpaka siku alipopita kijana wa mtaani anayesukuma makaa kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Jokébed alitoa kichwa dirishani kumwita.

"Kambale!"

Sauti ikajibu nyuma yake, ndani ya nyumba.

"Niko hapa, yaya."

Kwetu yaya ni dada mkubwa. Mama alishawahi kumzaa Kambale, kule Kasugho, baada ya Abdias. Mtoto hakufikisha jioni. Walimzika nyuma ya nyumba, amefungwa kipande cha kitenge cha mama, na jina lake halikutajwa tena. Abdias mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Abdias.

"Yaya, nilifikaka kwako, siku ulikuwa Musienene. Kijana mumoja alinifungulia mulango. Ananifanana. Akasema nafasi ya ndugu imejaa. Donc, basi, nikafikiri ni weye ulimutuma."

"Hapana. Uko wapi?"

"Ku barabara. Narudia Beni."

"Simama pale. Nakuya."

Simu ikakatika.

Jokébed aligeuka. Kijana alikuwa amesimama karibu sana, ameshika sahani.

"Yaya, ongeza kidogo."

Alimwongezea. Mama alisema hapana mumoja alale inje. Kisha akatoka, akaifuata barabara ya Beni mpaka kwenye kizuizi, akiuliza kila dereva. Hakuna aliyemwona Abdias.

Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na kipande cha kitenge, kidogo, kimelowa. Alikianika juani. Hakijakauka mpaka leo, sisi tumekigusa.

Abdias hakufika Beni, wala hakurudi Butembo.

Siku hizi Jokébed anapakua sahani mbili, ya Paluku na ya Kambale, na mlango hauwekei komeo. Kukicha, sahani moja huwa tupu, nyingine haijaguswa. Amenunua sahani zinazofanana kabisa, ili asijue iliyoliwa ni ya nani.