Doa la Susu Kalunde

Kila asubuhi kabla ya shule, Mutheu alimsaidia nyanya yake, Susu Kalunde, kufagia banda la kuku lao hapo Kitengela. Mbolea waliitia kwenye magunia, na wakulima wa Kisaju wakaja kuinunua. Siku moja Ann, mwanafunzi mwenzake, alinusa sare yake, akambandika jina la Mbolea. Tangu hapo Mutheu akawachukia kuku wasio na hatia.

Susu alipoteleza na kuumia kifua, walimpeleka hospitali kule Kajiado. Ubavu haukuwa umevunjika, ila picha ilionyesha doa dogo kwenye pafu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta. Susu alijua Kikamba tu, kwa hivyo Mutheu ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Nyanya yako hufanya kazi penye vumbi? Penye kuku au popo?" Daktari Achola aliuliza.

Na muuguzi aliyesimama hapo alikuwa nani, kama si mamake Ann? Mutheu alihisi uso ukimwaka moto. "Hapana," akasema. "Yeye husuka vyondo tu."

Susu akaitikia kwa kichwa, maana alimwamini mjukuu wake.

"Basi kwa umri wake sitangoja," daktari akasema. "Wiki ijayo tutamdunga sindano kifuani, tutoe kipande cha kupima."

Wiki hiyo Susu alimwonyesha Mutheu kuku yupi hutaga wapi, "ili ujue nikiwa sipo." Mutheu aliona haya hata kumtazama usoni.

Siku ya sindano ilipofika, Susu akiwa tayari kitandani, Mutheu aliinamisha kichwa. "Daktari, nilidanganya. Susu hufagia banda la kuku kila siku. Niliona aibu." Muuguzi alisikia kila neno.

Daktari akaiweka sindano kando. "Mavi makavu ya kuku huweza kuwa na kuvu. Mtu akivuta vumbi lake, pafu linaweza kubaki na doa kama hili. Bado sina hakika, lakini sasa tutapima damu kwanza, kisha tupige picha nyingine baada ya miezi mitatu. Tutalichunga kama ng'ombe mgeni, mpaka tujue tabia yake."

Mutheu alimtafsiria Susu yote, pamoja na uongo wake. Susu akaigusa kola ya sare ya mjukuu wake. "Na hii ulidhani ilinunuliwa kwa pesa gani?"

Mutheu alilia pale pale.

Damu ilionyesha dalili za kuvu, na miezi mitatu baadaye doa lilikuwa vilevile, halikukua hata kidogo. Daktari akawapa barakoa, akawaambia wanyunyize maji bandani kabla ya kufagia, na warudi tena kupigwa picha.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," akamwambia Mutheu. "Wewe ulificha ya mtu mwingine. Daktari hutibu kile anachoambiwa."

Jumatatu iliyofuata, Ann alimwita langoni mwa shule. "Mbolea, umefika?"

"Nimefika," Mutheu akajibu, akainyoosha kola yake.